Bibi Aliyenisindikiza Madarajani Minneapolis

Cheka ukitaka, lakini hili sikusimuliwa na mtu. Lilinikuta mimi mwenyewe, na akili zangu zote zikiwa kichwani.

Miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi Minneapolis, nikichunguza maisha ya mjini. Katikati ya mji ule majengo yameunganishwa kwa madaraja ya vioo juu ya barabara, ili watu wapite bila kuguswa na baridi. Kazi yangu ilikuwa kukaa humo na daftari, niandike nani anamsalimu nani. Jibu? Hakuna! Nimevuka bahari nzima kwenda kuandika "wamepishana, kimya."

Jumapili moja ya Januari, saa kumi na mbili jioni, giza limeshatanda, wakaanza kufunga madaraja nami nimepotea. Nje baridi ya kuua mtu, na sitii chumvi. Nikaona mlango wa kutokea, nikaushika.

"Mwanangu, huko si njia."

Kiswahili! Nikageuka. Bibi mfupi, kajitanda kanga, miguuni kandambili. Kandambili, Januari, Minnesota!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njoo nikusindikize."

Akanishika mkono. Wake ulikuwa na joto kama wa mtu aliyetoka jikoni. Tukavuka daraja la kwanza, tukaingia la pili. Nje kukiwa giza, vioo vile humrudishia mtu sura yake, kama kwa kinyozi. Nikatazama, nikajiona peke yangu, mkono umening'inia hewani, vidole vimekunjwa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi niliogopa kuuachia kuliko kuushika.

Akanifikisha kwenye ngazi za kituo. Basi lilikuwa linakuja, nikatimua mbio. Nilipogeuka kumshukuru, ngazi zilikuwa tupu.

Kesho yake mlinzi wa pale akanieleza kuwa mlango ule, ukishatoka, unajifunga wenyewe. Nyuma yake kuna ua, na geti lake hupigwa kufuli mpaka asubuhi. Nilikaa chini palepale nikalia mbele yake bila aibu. Leo nina mke na watoto watatu, na hao watoto wasingekuwapo bila mkono ule. Namshukuru bibi yule kila siku ya Mungu.

Ila nilikosea, tena kosa la mtu aliyelelewa akajua. Kwetu anayekusindikiza hageuki mpaka umwambie, "Haya bibi, rudi sasa, umenifikisha." Mimi nilikimbilia basi. Tangu hapo, nikitembea peke yangu siku za baridi, nasikia miguu mingine nyuma yangu, taratibu, ya mtu mzima. Nimeshasimama mara ngapi nikamwambia arudi! Naona nimechelewa.

Basi wewe unayenisikiliza, ukisindikizwa, hata na usiyemjua, usikimbilie safari yako. Simama, shukuru, mpe ruhusa ageuke. Wangu mimi mpaka leo hajafika kwake.