Sili za Zamani Zilizoanikwa Juani

Tulipofungua tairi la nyuma la gari langu kuukuu la porini, kwenye gereji moja Karatu, oili ya ekseli ilikuwa imevujia kwenye breki na kuganda na vumbi la Ngorongoro na mavi ya ng'ombe. Ilinuka kama samaki aliyeoza.

Nilileta sili mpya, raba imara zaidi za kuzuia oili. Fundi akazifunga. Kisha zile za zamani zilizochanika akaziosha kwa petroli, akazianika juani.

"Za nini tena hizo?" nikamuuliza.

"Nitamfungia mteja wa Loliondo, kaka. Kule ni mbali, harudi kulalamika."

Niliona kinyaa, hata mkono sikumpa. Gari langu lile nilikuwa nimelinunua kwa mtu wa Loliondo, aliyeniapia kwamba alifungiwa sili mpya kwenye gereji hiyohiyo.