Kiwanja Kilichosingiziwa Maji

Mjini kuna njia nyingi za kupata ardhi. Unaweza kurithi, unaweza kudhulumu, unaweza kuoa vizuri. Ukizikosa zote, usikate tamaa: siku moja manispaa itakugawia kipande chako, kirefu kiasi cha mtu aliyelala, na atakayekiuza ni Bi Kanuni.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alibandikwa na wachimba makaburi, watu ambao kazi yao haina mengi ya kuchekesha, kwa hiyo wakipata kicheko hukitunza. Ofisi yake ni chumba kimoja langoni mwa makaburi ya manispaa: dirisha la nondo, meza iliyokunjiwa kadibodi chini ya mguu mmoja, na feni iliyokufa zamani lakini ikakosa kibali cha kuzikwa.

Aliletwa hapo akiwa msichana, kwa muda tu, mpaka nafasi ya maktaba ipatikane. Maktaba ikageuzwa ofisi ya leseni, nafasi haikupatikana, na msichana akaota mvi palepale kitini. Siku hizi miguu inamvimba kabla ya saa sita. Huvua viatu chini ya meza, na mteja akiingia huvitafuta kwa vidole vya miguu huku uso ukitoa pole.

Nyuma ya kichwa chake umetundikwa ubao wa kanuni. Jiwe la kaburi lisizidi goti. Goti la nani, haikuandikwa, na kuna bwana mmoja aliyewahi kumleta mjomba wake, mrefu kama nguzo ya umeme, waje kupimia. Mbuzi wasilishwe ndani. Mti wa mizizi mikubwa usipandwe. Mnunuzi afike mwenyewe na kitambulisho, kanuni ambayo imewasumbua sana waliochelewa. Kiwanja kitumiwe na mwenye kukinunua au ndugu yake atakayemridhia. Penye maji pasilazwe mtu, na aliyekwisha kulazwa ahamishwe. Na chini kabisa, kwa herufi za kufinyia macho: mtumishi wa idara ya makaburi, maadamu yuko kazini, haruhusiwi kununua kiwanja.

Hiyo ya mwisho ilitungwa baada ya karani mmoja wa zamani kujinunulia safu nzima ya kivulini, akawa anaiuza mojamoja kama vibanda vya sokoni. Karani alistaafu na nyumba mbili. Kanuni ikabaki kumwadhibu Bi Kanuni.

Maana Bi Kanuni alikuwa na mumewe mle ndani. Alikuwa fundi bomba. Walikutana kwenye bomba la makaburi hayohayo: fundi alikuja kuliziba, wiki iliyofuata likavuja, akarudi, likavuja tena, likaendelea kuvuja hivyo mpaka walipooana, kisha likapona ghafla. Sasa fundi amelala upande wa chini, karibu na ukuta. Kulia kwake yuko mwalimu mmoja ambaye hawakujuana. Kushoto kulikuwa na kiwanja kimoja kitupu, na Bi Kanuni alikuwa hataki kingine duniani ila hicho. Alikuwa katika mwaka wake wa mwisho kazini. Akistaafu tu, asubuhi ya kwanza, angefika dirishani kama mteja mwingine yeyote.

Lakini makaburi yalikuwa yanajaa, na watu hufa bila kungoja mtu astaafu. Kila mteja aliyetembezwa upande wa chini alisimama palepale: karibu na njia, karibu na ukuta, pana hewa. Bi Kanuni naye alikuwa na dawa yao. Alishusha pumzi, akatazama pembeni kama mtu anayelazimishwa kumsema jirani.

"Hapa mimi ningekuuzia, ndugu yangu, lakini usiku nitalala? Maji yanasimama. Mvua ikinyesha huwezi kupita bila kukunja suruali."

Mteja akarudi nyuma hatua moja, akiangalia viatu vyake. Ardhi yenyewe ilikuwa kavu kama koo la mdeni. Hata majani yalikataa kuota pale. Mzee Sululu, mkuu wa wachimbaji, alisikia uongo huo mara nyingi akiwa ameegemea jembe, na kila mara alikohoa kidogo kwa heshima.

Ikapita hivyo mpaka alipokuja wifi.

Wifi yake, dada wa marehemu, aliuza masufuria sokoni. Sauti yake ilizoea kushindana na bati.

"Hodi humu kwa wauza mashimo!"

"Karibu, wifi. Umekuja kununua au kunitukana?"

"Vyote viwili, nikipata punguzo." Akaketi, kiti kikalalamika. "Daktari kaniambia nipunguze chumvi. Na mtu akishaambiwa apunguze chumvi, wifi yangu, ajue wanamfungia mizigo. Nataka kile kiwanja cha ubavuni kwa kaka."

Bi Kanuni alihisi moyo unavua viatu. Angeweza kusema ukweli. Lakini yeye na wifi walikuwa wamegombania mambo ya fundi tangu arusi: nani anajua anavyopenda chai yake, nani alimuuguza zaidi, nani alilia kwanza. Ukweli kwa wifi ulikuwa sawa na kumpa mwizi funguo na kumshikia taa. Kwa hiyo akashusha pumzi, akatazama pembeni.

"Pale, wifi, nisingekushauri. Maji yanasimama."

Wifi aliangalia sakafu kana kwamba maji yamefika humo. Kisha akainua uso polepole.

"Maji yanasimama pale."

"Mvua ikinyesha."

"Na kaka yangu yuko wapi?"

"Yuko... pembeni yake."

"Maji yana pasipoti? Yakifika mpakani kwa kaka yanageuka?"

"Yeye yuko juu kidogo."

"Juu kidogo!" Nondo za dirisha zilitetemeka. "Mtu kaziba mabomba ya mji mzima, leo analala majini, na mke wake yuko hapa, kakaa, kavua viatu, ananieleza kama anayenisomea bei ya vitunguu! Wewe mwanamke una moyo au una risiti?"

Akatoka. Mlango aliuacha wazi. Bi Kanuni alikaa akiutazama, akijua kwamba anatakiwa kumkimbilia, na akijua pia kwamba kukimbia kunataka viatu.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na hii iliishia ofisini kwa mkuu wa idara. Mkuu huyo aliletwa makaburini kutoka idara ya michezo baada ya kupishana kauli na mtu wa juu, na mpaka leo alizungumza kama mtu anayesubiri kipenga cha mwisho.

"Wifi yako alikaa hapa mpaka nikampa chai," alimwambia Bi Kanuni. "Alikunywa, akaendelea. Anasema ndugu yake yuko majini. Nikawauliza watu waliowahi kutembezwa upande ule. Wote wanasema maji yapo, na wote wanasema wamesikia kwako. Sasa mama, miaka yote hii hukuandika taarifa kwa nini?"

"Nilidhani yatakauka, bosi."

"Basi injinia anakuja. Marehemu tutamhamishia makaburi mapya, kule ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Ni kuzuri. Kuna nafasi." Akaangalia dirishani kwa huzuni. "Kuna nafasi nyingi sana."

"Sitaki ahamishwe. Mimi ni mjane wake."

"Kanuni haimwulizi mjane. Haimwulizi hata marehemu. Imo kwenye ubao wako mwenyewe."

Bi Kanuni aliifahamu; aliwasomea watu kila siku. Njiani kurudi ofisini alijipangia maneno ya kukiri mara kadhaa, na kila mara yaliishia kwenye barua ya kufukuzwa, akiwa amebakiza miezi kustaafu. Usingizi ukamhama. Kwenye ng'ambo ile ya machimbo hakuna hata mti. Malori hupita mchana kutwa, na vumbi lake hufanya majina yote kwenye mawe kuwa rangi moja.

Asubuhi ya kazi walisimama pale wote: mkuu wa idara na faili, injinia na buti za mpira mpaka magotini, Mzee Sululu na wenzake na majembe, na wifi aliyekuja na turubai jipya kutoka kibandani kwake sokoni ili kaka asisafiri na unyevu. Jua lilikuwa linachoma. Injinia akaamuru lichimbwe shimo la kupima kwenye kile kiwanja kitupu.

Wakachimba. Likatoka vumbi. Wakaendelea. Likatoka vumbi jingine, kavu zaidi, likawafanya wapige chafya. Bi Kanuni akaanza kupumua. Ardhi yenyewe imejitetea, aliwaza, wala sina haja ya kufungua mdomo.

Injinia alichutama, akachukua udongo, akausaga kwa vidole, ukapeperuka.

"Maji yapo," akasema.

"Yapo wapi?" Mzee Sululu akauliza, akijifuta jasho, ambalo ndilo lilikuwa tone pekee la maji pale.

"Yamejificha. Haya ni maji ya msimu. Taarifa imeandikwa yapo, na mashahidi ni wengi. Mimi nikiandika hayapo, nitaulizwa yamekwenda wapi." Akasimama, akajipangusa mikono. "Hamisheni."

Wifi akaanza kulia, kilio cha kweli, bila sauti ya sokoni ndani yake. Mzee Sululu akamtazama Bi Kanuni. Alimpa muda, akafunga kitambaa kichwani upya, akatema mate mikononi, akatazama tena. Mwisho akaweka ncha ya jembe kwenye ukingo wa kaburi la fundi.

"Sululu," Bi Kanuni akasema. "Weka chini hiyo."

"Mama?" mkuu wa idara akashtuka.

"Hakuna maji. Hayajawahi kuwapo. Nilisema uongo." Sauti yake ilitoka imechoka, kama mtu anayetaja namba ya nyumba. "Nilikitaka hiki kiwanja. Kanuni hainiruhusu kununua nikiwa kazini, ndiyo maana nikawa nawafukuza watu. Fundi yuko pakavu. Mwacheni."

Injinia alizitazama buti zake. Wifi ndiye aliyesogea, turubai likiburuzika nyuma yake.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unanifukuza mimi."

"Nilikuwa nafukuza wote. Na wewe ukaja na wote."

"Si ungesema!"

"Ningesema, ungeniachia?"

Wifi alifikiri, kwa haki kabisa. "Nisingekuachia. Lakini ungesema. Mimi siku hizi zote nikisikia bomba linavuja nalia. Nimekosa hata kuoga vizuri."

"Nisamehe, wifi."

"Usinikimbize. Bado nakasirika."

Mkuu wa idara alikuwa amefungua faili na kushika kalamu kama mtu aliyeshika jino lake mwenyewe. "Niandike nini sasa? Maji yameondoka?"

"Andika yamepungua," injinia akamshauri. "Mpaka kiwango cha kutokuwapo."

Ikaandikwa hivyo. Mkuu akamwambia Bi Kanuni kwamba kwa kosa hili anastahili barua ya onyo, na ataipata idara ikipata karatasi. Kisha, kwa kuwa kiwanja sasa kimethibitishwa na mtaalamu kuwa kikavu, kiuzwe siku hiyohiyo kwa yeyote aliye tayari, kabla hakijapata ugonjwa mwingine.

Aliyekuwa tayari alikuwa amesimama palepale, kitambulisho mkononi.

Walirudi ofisini wawili. Bi Kanuni alikaa upande wake wa meza, wifi upande wa wateja. Kalamu ilikuwa nzito. Aliandika jina la wifi kwa mwandiko ule ule mzuri aliowaandikia wageni, akaandika safu, akaandika mipaka: mashariki njia, magharibi fundi bomba. Jina la mumewe aliliandika bila kuinua macho.

"Atakayezikwa ni mnunuzi mwenyewe?" akauliza, kama anavyowauliza wote.

"Acha wazi hapo."

"Hapaachwi wazi, wifi."

"Nionyeshe kanuni."

Bi Kanuni aligeuka akautazama ubao. Aliupitia wote, goti, mbuzi na mizizi. Kanuni ya namna hiyo haikuwamo.

"Si imeandikwa mwenye kununua au ndugu atakayemridhia?" wifi akasema. "Mimi nimeridhia atakayetangulia. Mimi nina presha, wewe una sukari. Tutaona mguu wa nani mwepesi."

"Na atakayebaki?"

"Atakwenda kulala na malori kule kwenye kokoto. Atajua mwenyewe. Lakini usije ukaacha dawa ili unishinde, nakufahamu. Nitakuja kukufukua."

"Kufukua kunataka kibali."

"Nitakaa kwa bosi wako mpaka anipe."

Bi Kanuni alicheka, kicheko kidogo kilichomchosha, kikaishia kwenye kuupapasa uso kwa kiganja. Hakupata alichokitaka. Alipata nusu, na hiyo nusu nayo kwa sharti la kufa mapema. Alifikiria kubisha, akaona hana nguvu, na zaidi ya hapo hana hoja. Akapiga muhuri, akausukuma mkataba ng'ambo ya meza.

Wifi aliukunja, akautia kifuani, akasimama na turubai lake.

"Kesho utapita nyumbani kunywa chai?" Bi Kanuni akauliza.

"Nitapita," wifi akasema akiwa tayari mlangoni. "Ila siji kwako. Nakuja kwa kaka. Wewe uweke maji tu jikoni."