Dada Aliyesahau Kukunja Waya

Kwenye jengo tulilokuwa tukisafisha, dada yangu hakuitwa kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mawakili wa ghorofa ya tatu, wote walimwita Fundi Waya, naye aliitika. Jina hilo alilipata kwa ukali. Alikuwa msafishaji kama sisi wengine, lakini mashine za kufyonza vumbi, zile ndefu za kusukuma ukiwa umesimama, alizihesabu kuwa wanawe. Ukirudisha mashine stoo na waya umeviringwa ovyo, uliitwa mbele za watu.

"Njoo, mrembo. Hiki ni nini? Kiota?"

Aliufungua wote na kuanza upya, nawe umesimama pale na aibu zako. Plagi aliichomoa kwa kuishika yenyewe. "Usivute waya kama unamtoa mbuzi bandani." Aliutandaza kwenye zulia ujinyooshe, akaanzia pale unapotoka kwenye mashine, akaacha kitanzi kidogo ili waya usikabwe shingoni. Kisha aliuzungusha kwenye kulabu mbili za nyuma ya mpini, juu, chini, juu, chini, bila kuukaza, na mwisho akaibana plagi kwenye waya wenyewe. Asubuhi ya pili uligeuza tu kulabu ya juu, waya wote ukadondoka bila fundo hata moja. Mashine yake ilidumu miaka kumi na mmoja. Zetu zilikuwa zinakatika nyaya kwa ndani, tukisingizia umeme.

Kazi hiyo alinitafutia yeye. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, dada akiwa na kumi na minane. Siku ya msiba aliniweka mapajani akasema, "Kuanzia leo ukilia, unalia kwangu." Alinisuka, alinifulia, alinifundisha kusoma saa. Alipopata mchumba, alimwambia kwamba anakuja na mtoto. Mchumba akaaga, hakuonekana tena. Dada hakuwahi kunisimulia hilo. Nililisikia kwa shangazi nikiwa mtu mzima, na nilipomuuliza alicheka tu. "Yule? Alikuwa anakoroma hata akiwa macho."

Jumatatu moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi, waya umejaa mapajani.

"Dada, umechoka?"

"Hapana." Aliinua plagi, akaitazama kama kitu alichookota njiani. "Huu unaanzia wapi?"

Nilicheka, maana nilidhani ananitania. Yeye hakucheka. Nikauchukua waya na kuukunja haraka kabla mtu hajapita, naye akaifuata mikono yangu kwa macho kama mgeni wa kazi.

Tangu siku hiyo nikawa nakunja nyaya mbili. Nilimaliza ghorofa yangu mbiombio nikapanda kwake ghorofa ya tatu, nikakagua madirisha, nikarudisha vitambaa alivyovisahau, nikaukunja waya wa mashine yake kwa namna yake ileile. Wenzetu waliendelea kumsifu. Mimi nilikuwa nikimwambia twende hospitali, naye akinijibu, "Nikaseme nini? Kwamba nimesahau waya?" Sikumlazimisha. Niseme ukweli: nililiogopa jibu la daktari. Miezi saba ikapita hivyo.

Kisha asubuhi moja nilichelewa kupanda. Bomba la sinki kwenye ghorofa yangu lilikuwa limevuja, na nilikuwa nikikausha maji niliposikia kishindo juu, kisha sauti ya mwanamume. Nilipanda ngazi mbilimbili. Karani mzee wa mawakili, mtu mpole aliyewahi kazini kuliko wote na aliyetusalimia kila siku, alikuwa ameanguka koridoni. Waya ulikuwa umekatiza njia kutoka kwenye soketi, na mashine iko ndani ya chumba kingine kabisa. Dada alikuwa amepiga magoti kando yake, amemshika mkono, akirudia, "Pole, baba. Pole, baba." Nyonga ilikuwa imevunjika.

Msimamizi wetu alituita ofisini kwake. Hata hajauliza, nikasema, "Ni mimi, mama. Nilipanda kumsaidia nikausahau waya."

"Anadanganya," dada akasema.

"Dada, nyamaza."

"Tangu utotoni akidanganya anashika sikio. Mtazame."

Nilikuwa nimelishika kweli. Nikashusha mkono.

"Ghorofa ya tatu ni yangu," akaendelea, sauti imetulia. "Niliuacha kwa sababu sijui tena unarudishwaje. Huyu ndiye amekuwa akinirudishia. Usimfukuze, ana roho nzuri, ila hajui kudanganya."

Msimamizi alivua miwani akaiweka mezani. "Fundi Waya, kwa nini hukuniambia?"

"Siku nyingine nilikuwa njiani kuja kukwambia, mama. Nikifika mlangoni, sikumbuki nimefuata nini."

Alipumzishwa kazi siku hiyohiyo. Aliaga kila mtu kwa kumshika mkono, na mlinzi wa getini aliagwa mara mbili.

Karani alifanyiwa upasuaji. Anatembea na gongo, na ofisini hakurudi tena. Nilikwenda kumwomba msamaha nimejiandaa kutukanwa, naye akaniuliza habari za dada kabla sijakaa. Afadhali angenitukana.

Hospitali tulikwenda wiki iliyofuata. Daktari alisema maradhi yale ya kusahau hayana kurudi nyuma. Nikamuuliza, tungekuja mapema je? Kuna dawa, alisema, ambazo zikianzwa mapema huenda zikapunguza mwendo wake.

"Kwa muda gani?"

"Siwezi kukuahidi. Labda miezi kadhaa."

Dada alikuwa ananitazama usoni, hajui tunaongea habari za nani. Sikuuliza tena.

Sasa ni mwaka wa pili anaishi kwangu. Mchana jirani hukaa naye, jioni namwogesha na kumsuka. Mwanzoni alikuwa akiniita kwa jina, kisha akaniita kwa jina la mama, na sasa ananiita dada wa kazini, kwa heshima zote. Jumapili iliyopita nilikuwa namkata kucha akaniinamia sikioni.

"Wewe ni mtu mwema. Nina mdogo wangu, nimemlea mwenyewe. Siku hizi haji kunitazama."

Kucha ya kidole gumba ikanishinda. Nikaweka wembe chini.

"Labda kazi zimemzidi," nikasema.

"Kazi, ndiyo. Anajituma sana yule." Akatazama mlangoni. "Ukimwona mwambie sina kinyongo. Aje tu."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

Nikamwambia sitasahau. Akaninyooshea mkono wa pili, nami nikaendelea kumkata kucha.