Masufuria ya Hitima ya Mzee Twalib

Bi Mwanabaraka wa Mtoni amepikia shughuli za watu tangu mie sijaolewa. Iwe msiba, iwe harusi, mwiko anashika yeye. Siku za kawaida huuza wali Chang'ombe, nje ya kiwanda, kwa vibarua wanaosimamishwa getini kila asubuhi na kuchaguliwa kama nyanya. Basi muungano mpya wa vyama vya wavujajasho ulipokuja kunadi kwamba kibarua apewe ajira ya kudumu, akapanda jukwaani na kilemba chake, akasema kura yake ni yao. Mtaa mzima tulimsikia.

Hilo ndilo kosa lake. Mumewe, Mzee Twalib, alikuwa wa chama kikongwe kufa na kupona. Walibishana kibarazani mpaka chai ikapoa, kisha wakacheka. Uchaguzi ulipokaribia, mzee akafariki.

Ikafika arobaini. Masufuria makubwa ya mtaa tulichangishana sie wanawake, nyumba kwa nyumba, ila yanakaa ofisi ya tawi ya chama kikongwe kwa sababu ndiko kwenye stoo. Bi Mwanabaraka yuko eda, hatoki, nikaenda mie. Katibu Badru, ambaye nilikuwa namshika mkono kumpeleka madrasa, akaniambia bila haya, "Dada Munira, vyombo ni vya shughuli za wanachama. Akaombe kwa muungano wake."

Yaani mtu anafungia masufuria ya msiba kwa ajili ya kura. Nikamuuliza, "Badru, siku ya msiba wa mama yako, wali ulipikwa na nani?" Akaweka simu sikioni, akajifanya anaongea.

Tukapika kwa visufuria vya majumbani, majiko yakajaa uani mpaka njiani. Pilau nyingine ikaungua, nyingine ikawa bokoboko. Kwa hasira, chumvi nilitia mara mbili.

Baada ya dua, natupa jicho mkekani, nani kakaa mbele na kanzu iliyopigwa pasi? Badru huyohuyo, mkavu wa macho, kajisogeza kwenye sinia moja na wazee wawili. Nilitaka kwenda kumwinua. Akameza tonge, akasema kwa sauti, "Wazee wangu, Jumatano kwenye kura tusikisahau chama chetu."

Bi Mwanabaraka akajibu kutoka ndani, nyuma ya pazia la mlango, taratibu tu.

"Badru mwanangu, Twalib alikuwa na kadi yenu mpaka anakata roho. Mie nilishindwa kumbadili. Hitima hii ni yake, si yangu. Masufuria umemnyima yeye."

Mzee wa kwanza akaondoa mkono kwenye sinia. Wa pili naye akanawa. Badru akabaki na sinia zima, peke yake.