Mdudu wa Taa Aliyechorwa na Baba

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Kitengela, kabla stima haijafika kwetu, meza ya Baba ikiwa dirishani na taa ya kioo juu yake. Baba alichora wadudu. Ndiyo, wadudu, na msicheke, maana ndio waliotulisha. Profesa mmoja wa Nairobi alikuwa akiandika kitabu kikubwa cha wadudu wa Kajiado, na michoro yote alimwachia Baba. Mama alinung'unika kwamba nyumba yake imejaa panzi waliokaushwa, lakini wageni wakija, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuwaonyesha.

Mdudu ninayetaka kuwaambia habari zake tulimtoa kwenye mgunga nyuma ya nyumba, mimi na Baba. Alikuwa mweupe kama aliyepakwa unga, na kichwa chake kilichomoza mbele kikawa pua ndefu ajabu. Baba aliniambia kwamba wachoraji wa zamani waliamini pua ile huwaka gizani, wakamchora aking'aa, ndipo akaitwa mdudu wa taa.

"Si kweli," alicheka. "Mmoja alidanganya, wengine wote wakanakili."

Jioni akamweka mbele ya taa ili mishipa ya mbawa ionekane. Alichora akifikicha macho, akisema kichwa kinamgonga. Mama alilaumu moshi. Picha ilipokwisha ilikuwa safi kabisa, ila kichwa cha mdudu kilikuwa kimezungukwa na duara za rangi, buluu ndani, nyekundu nje.

"Baba Ndinda, si ulisema hawaki?" Mama akauliza.

"Hawaki. Lakini hiyo rangi iko hapo. Kwani nyinyi hamuioni?"

Tulimtazama mdudu, tukatazamana. Mama akaenda zake jikoni.

Profesa alipokuja aliishika picha kwa muda mrefu. "Mzee, huyu ni yule wa vitabu vya kale. Umetia chumvi. Futa hizo duara."

"Mimi nimechora kile naona, Profesa. Nikifuta kile naona, nitachora nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Baba akibishana na mtu aliyevaa tai. Profesa aliondoka na michoro mingine yote, akaiacha hiyo, na kazi ikapewa mtu mwingine. Nilimkasirikia Baba vibaya sana. Nilidhani ametupa unga wetu kwa sababu ya urembo, tena urembo wa uongo aliokuwa ameucheka mwenyewe.

Akaanza kuandika mabango ya maduka. Herufi zikaanza kupanda na kushuka, wenye maduka wakasema mzee amezoea pombe, naye hakuwa akinywa hata tone. Akawa anagonga miimo ya milango. Nilipoingia sekondari, mimi ndiye niliyemshika mkono kwenda kanisani. Daktari aliyempima alisema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa mno.

Mwaka jana kichwa kilianza kunigonga, nikaenda kupimwa macho Kajiado mjini. Daktari, binti mdogo tu, aliuliza, "Ukiangalia taa, huwa unaona duara za rangi zimeizunguka?" Jamani, picha ya yule mdudu ikanijia machoni. Tulikuwa watu watatu wenye macho mazima mbele ya picha ile, na hakuna aliyefikiri kwamba Baba alikuwa akisema kweli. Pengine angetibiwa mapema. Hilo linaniuma hadi leo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mlangoni akiota jua.

"Baba, zile duara zilikuwa kweli. Ni macho yalikuwa yanaugua. Laiti tungekuamini wakati ule."

Nilitarajia afurahi. Aligeuza uso kufuata sauti yangu.

"Nani amekwambia hayo?"

"Daktari wa macho. Aliniuliza kama naziona. Anasema huu ugonjwa hurithiwa kwenye familia."

Akapapasa hewani mpaka akapata mkono wangu, akaukaza.

"Na wewe, Ndinda, ulimjibu aje?"