Mama Zangu Wawili na Paa la Nyasi

Nilikuwa na kitanda kimoja, na Ijumaa ile jioni mama zangu wawili walisimama mbele yake, kila mmoja akimsihi mwenzake alale. Mama aliyenizaa alisema kitanda ni cha Mama Mkubwa. Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba, alisema mgongo wake haupatani na godoro. Heshima ya namna hiyo inaweza kuendelea hadi kuche. Nikawaambia watalala wote wawili kitandani, mimi nitalala mkekani, na kabla ya hapo tunatoka nje kwa sababu chumba kina joto.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nafundisha watoto wa chekechea mjini Kisumu na nimepanga chumba Kaloleni. Sikuwa nimeolewa, na hiyo ndiyo sababu waliweza kulala kwangu. Kwetu mama halali nyumbani kwa mkwewe, hata umbembeleze vipi.

Walikuwa wametoka nyumbani Nyakach, upande wa Pap Onditi, kwa ajili ya jambo moja. Paa la Mama lilikuwa limeoza. Nyasi nzuri za kuezekea zilikuwa zimeadimika, maana kila kipande cha ardhi kilikuwa kimelimwa, na Mama alikuwa ameweka akiba ya pesa za mikeka aliyouza hadi ikatosha mabati. Lakini hakuweza kuyapandisha. Kwa mila yetu mke wa pili hamtangulii wa kwanza katika mambo ya nyumba. Akimtangulia anajiitia chira, ule mkosi unaowafuata wanaovunja mila, tena huwafuata hadi kwa watoto wao. Na Mama Mkubwa hakutaka mabati. Paa lake halikumsumbua, kaka zake walimletea nyasi kutoka kwao kila mwaka. Baba alijitoa mapema, akasema mambo ya jikoni hayamhusu, kana kwamba paa ni sufuria.

Basi Mama alikuwa amemwomba Mama Mkubwa waje tu mjini kununua vitu vidogo vidogo, na wakiwa huku huenda akayatazama mabati kwa macho yake. Masika yalikuwa yamebakiza wiki chache. Nilijua mpango huo, Mama Mkubwa aliujua pia, na wote watatu tulijifanya hatuujui.

Wikendi ile makumbusho yalikuwa yakifunguliwa hadi usiku, kwa hiyo niliwapeleka huko. Tulianza kwa samaki walio ndani ya vioo. Mama Mkubwa alimtazama kamongo mmoja kwa muda mrefu, akauliza analishwa na nani, na huyo anayemlisha anamlisha ili iweje. Tukapita kwa kobe, tukafika kwenye boma lililojengwa kwa mtindo wa kwetu, likiwa na taa za karabai zilizoning'inizwa langoni. Kijana wa makumbusho alikuwa akiwaeleza wageni.

“Hii ya mbele inaangalia gate ni nyumba ya bibi ya kwanza,” alisema. “Hapo kando ni ya bibi ya pili. Zamani bibi mdogo hangeweza kujenga kama mkubwa hajajenga.”

“Zamani gani?” Mama Mkubwa alimuuliza.

Kijana alicheka, akidhani ni utani. Mimi nilitazama chini. Mama alikuwa ameshika ukingo wa lesso yake na alikuwa akiutazama mlango wa ile nyumba ya pili.

Jumamosi tulizunguka maduka. Mama Mkubwa alinunua sufuria, chumvi ya mawe na lesso mbili, na kila kitu alikigeuzageuza hadi wenye maduka wakachoka. Mchana niliwapeleka duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja mzee aliyeongea Kijaluo kunishinda mimi mwalimu. Aliyatoa mabati, akayapiga kwa kiganja yakalia. Mama aliyagusa kwa ncha za vidole, taratibu, akayapitisha mkono bonde kwa bonde. Naye Mama Mkubwa alisimama mlangoni, amebeba sufuria yake kichwani.

“Mvua ikinyesha juu ya hii kitu,” alisema, “mgeni akipiga hodi utamsikia?”

“Mama, huyo atapiga na mawe,” mwenye duka akamjibu.

Hakucheka. Alisema jua ni kali, twende. Mama aliyarudisha mabati mahali pake, akayapanga vizuri kama mwanafunzi anayerudisha vitabu. Nilikasirika. Nilimkasirikia Mama Mkubwa kwa kiburi chake na Mama kwa upole wake, na jioni nilipowapikia chai niliiacha ikamwagika mekoni makusudi. Hakuna aliyeniuliza kulikoni. Walikunywa iliyobaki, wakaisifu.

Baada ya chakula Mama Mkubwa alijifunga lesso mpya. “Turudi kule,” alisema.

Nilidhani anamtaka kamongo. Lakini tulipofika aliwapita samaki bila hata kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja bomani. Hakuingia nyumba ya mke wa kwanza. Alikwenda ile ya pili, akainama mlangoni, akaingia.

Hapo nilishangaa, na sababu ni hii. Tangu Mama aolewe, Mama Mkubwa hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba yake. Hawakuwa na ugomvi. Walilima pamoja, wakaliliana misibani, watoto wa huku walikula kule. Ila Mama Mkubwa aliishia mlangoni siku zote. Mkubwa huendewa, yeye haendi, ndivyo alivyoishi. Nyumba ya makumbusho haikuwa ya mtu, kwa hiyo haikumvunjia hadhi.

Tulimfuata. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ametazama juu. Upande mmoja nyasi zilikuwa zimeondolewa ili paa liezekwe upya, na kati ya fito uliziona nyota.

“Kwako ni hivi?” aliuliza.

“Kwangu ni zaidi,” Mama alijibu. “Tena hapa leo hakunyeshi.”

“Ikinyesha unafanyaje?”

“Nahamisha kitanda. Huku kukijaa nakipeleka kule. Kule nako kukijaa nakaa mlangoni na gunia kichwani hadi kuche.”

Habari ya gunia hata mimi sikuwa nimeisikia. Likizo zote nililala na wasichana wenzangu siwindhe, yaani nyumbani kwa bibi mzaa baba, na asubuhi nilimkuta Mama amekwisha kufagia.

“Na hukuniambia, nyieka,” Mama Mkubwa alisema. Nyieka ndivyo mke mwenza anavyomwita mwenzake, na alilitamka taratibu.

“Ningekuambiaje? Ningesema nini kisisikike kwamba nyumba yako ndiyo inayoniloanisha?”

Mama Mkubwa hakupata nafasi ya kujibu. Yule kijana aliinama mlangoni na wageni wake nyuma, akaanza, “Na hii ndiyo nyumba ya bibi ya pili,” kisha akanyamaza. Alitukuta wanawake watatu tumekaa kama wenyeji. Mama mmoja Mhindi aliyevaa sari alidhani tumewekwa pale tuonyeshe jinsi watu walivyoishi. Alitusalimia kwa adabu sana, akamuuliza Mama Mkubwa kama hii ndiyo nyumba yake.

“Karibuni,” Mama Mkubwa alisema. “Mwenye nyumba ni huyu.” Akamnyooshea mkono Mama.

Mama aliinuka, akawakaribisha. Aliwaonyesha wapi mitungi hukaa, wapi mgeni hukaa, na kwamba mtu aliyeliweka jiwe la kusagia upande ule hakulelewa na mama. Wageni walicheka, na yule kijana akalisogeza jiwe. Sikuwahi kumwona Mama akiongea hivyo mbele ya watu. Nilifurahi hadi nikasahau hasira zangu za chai.

Usiku ule walilala kitandani wote wawili bila kubishana. Jumapili nilipoamka Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kuvaa. Alitaka twende kwa yule Mhindi. Nilimwambia ni Jumapili, akaniambia kwani Mhindi analala kanisani? Mzee yule aliishi ghorofani, juu ya duka lake. Alishuka na malapa miguuni, akafungua mlango wa pembeni.

“Nataka moja,” Mama Mkubwa alisema.

“Moja tu? Moja itafunika nini, Mama?”

“Midomo ya watu.”

Mama alifungua mkoba wake haraka alipe. Mama Mkubwa aliusukuma ule mkoba. Lililo lake lilipaswa kulipiwa na yeye, la sivyo lisingehesabika. Alifungua fundo la lesso na kulipa kwa pesa za kuku zake. Ndipo akamgeukia Mama. “Sasa nunua yako yote. Usinunue ya mabonde madogo.”

Nilipanda basi pamoja nao Jumatatu, baada ya kumwomba mkuu wa shule ruhusa kwa sababu nisiyotaka kuitaja. Mabati yalikuwa juu ya basi, yakipiga kelele njia nzima hadi Nyakach, na Mama Mkubwa alimweleza kila abiria kwamba kelele hizo ndizo alizokuwa akizikataa.

Jumatano fundi alikuja. Alitaka kuanzia kwa Mama, penye kazi nyingi. Mama Mkubwa alimwita kwake, akashika ngazi mwenyewe. Bati lake likapigiliwa misumari juu ya mlango, katikati ya nyasi nzuri za kaka zake, likiwaka jua. Halikuziba tundu lolote, hakukuwa na tundu. Paa lake lilikuwa zuri kuliko yote kijijini, na sasa lilikuwa na kiraka. Watoto walicheka. Baba alitoka, akatazama, akarudi ndani.

Mama alikuwa amesimama uani na mikono kifuani. Alilia waziwazi, wala hakujifuta.

“Usilie, nyieka,” Mama Mkubwa alimwambia. “Mimi nimeshajenga.” Kisha akamwambia fundi aihamishe ngazi.