Petroli ya Godoro

Nikilala hotelini, asubuhi wahudumu wanaposafisha vyumba, harufu ya vumbi lililopashwa moto na mashine hunisimamisha mlangoni. Msinicheke. Miguu hutafuta viatu.

Mashine yetu ya kufyonza vumbi tulirudi nayo kutoka Kampala, ambako mama alikuwa akisafisha nyumba za watu. Bosi wake alimwachia alipohama. Pale mtaani kwetu Hai Malakal, Juba, majirani walitumia ufagio, sisi tukawa na mashine, na mama alijivuna nayo wee! Kila kitu kilikuwa na kichwa chake: kipana cha zulia, chenye manyoya laini cha mapazia na redio, chembamba cha kuchokonoa pembe za makochi, na kifupi bapa cha magodoro. Kazi yangu ilikuwa kumpa anachokitaka kabla hajanyoosha mkono mara ya pili. Siku moja alijaribu kile kipana jikoni, kwenye sakafu ya udongo. Mashine ikala sakafu. Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini haikuwa ya maringo tu. Mdogo wangu Keji alikuwa na pumu, na vumbi la Juba wakati wa kiangazi mnalijua. Godoro lake lisipofyonzwa, kifua kililia kama kitoto cha paka.

Kisha bunduki zikaanza, petroli ikatoweka mjini, nasi umeme wetu ulikuwa wa jenereta. Tulibaki na jerikeni moja nyuma ya mlango, ya gari, kwa siku ambayo ingetulazimu kuvuka daraja, kupita Gumbo na kushika barabara ya Nimule, mpakani mwa Uganda. Baba hakutulia. Alikaa, akasimama, akaenda getini, akarudi, akauliza viatu vyetu viko wapi. Akaniambukiza. Nikawa nalala na viatu miguuni.

Katikati ya hayo Keji akabanwa vibaya. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa inaishia. Mama akaburuta mashine hadi kando ya godoro.

“Baba Poni, lete petroli ya jenereta.” Poni ni mimi.

“Hii ni ya barabara. Watu wakisema leo, tunatoka leo.”

“Na mtoto mwenye hapumui, tutafika na yeye wapi? Kwa daraja?”

Baba alisimama na jerikeni mkononi, akimtazama Keji. “Kalas, basi,” akasema, akaenda kumimina.

Jenereta ikaunguruma, sote tukakodolea geti macho, maana kelele ile ilitangaza kwamba nyumba hii ina watu. Nikampa mama kichwa cha zulia kama kawaida. Akakisukuma kando. Mafuta yalikuwa ya godoro peke yake. Asubuhi zilizofuata ikawa hivyohivyo: upande huu, upande ule, zima. Zulia la sebuleni, fahari yake, likageuka rangi ya barabara.

Nilimkasirikia mama kwa kila dakika ya kelele ile, kwa sababu niliona Nimule inazidi kuwa mbali. Nilimwonea baba huruma. Kila jioni nilienda nyuma ya mlango nikaisukuma jerikeni kwa mguu. Bado ilikuwa nzito, ikicheza ndani. Hapo ndipo nilipopata usingizi.

Mapigano yalitulia, tukabaki Juba. Keji leo ni mwalimu katika mtaa wa Atlabara, na sauti yake husikika hadi darasa la jirani.

Baba alipofariki, waombolezaji wakiwa bado uani, mama aliniambia kwamba petroli ile iliisha mapema mno. Baba alikuwa amekwisha kuniona nikiisukuma jerikeni, kwa hiyo akaijaza maji.

Miaka yote nilidhani yeye ndiye aliyekuwa tayari kukimbia kuliko sisi sote. Kumbe siku ile alipomimina alikuwa ameshaamua kwamba hatutakwenda popote bila pumzi ya Keji, na habari hiyo akaibeba mwenyewe, akienda getini na kurudi, ili mimi nilale.